Maktaba ya Uganda Society: Kwanza Umjue Aliyeandika

Wageni wengi wa Makumbusho ya Uganda, pale Kira Road jijini Kampala, hutazama ngoma, hupiga picha na kuondoka. Wachache hujua kwamba humo humo mna maktaba ya Uganda Society, chama cha wapenda historia kilichoanzia Entebbe mwaka 1923 kwa jina jingine, kikachukua jina la sasa mwaka 1933. Mwaka uliofuata kilianza kuchapa jarida lake, Uganda Journal, na mpaka leo jarida hilo ndilo sababu kubwa ya mtafiti kwenda pale.

Hakikuwa chama cha maprofesa. Waandishi wengi wa mwanzo walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni na wamishonari, watu waliotoka kazini jioni wakakaa kuandika. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia, aliandika mwaka 1934 juu ya mahandaki ya kale ya Bigo bya Mugenyi. Inaonekana kazi za serikali enzi hizo hazikumchosha mtu sana. Uzuri wa maandishi yao ni kwamba waliyaona mambo kwa macho na kuyaeleza bila kufuata mtindo wa chuo. Ubaya wake ni kwamba mara nyingine mwandishi huyo huyo aliyekusanya masimulizi ya wazee ndiye aliyewatoza kodi, na mzee hamsimulii mtoza kodi kila kitu.

Tazama makala za wafalme wa Bunyoro-Kitara zilizotoka kati ya 1935 na 1937. Zimetiwa saini ya herufi mbili tu: K.W. Mwenye herufi hizo alikuwa Tito Winyi, Omukama wa Bunyoro mwenyewe. Maofisa wa wilaya waliweka majina yao kamili. Mfalme alitosheka na herufi mbili. Orodha yake ya wafalme ni ndefu, na si bure. Apolo Kaggwa, katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, alikuwa amekwisha kuchapa historia ya makabaka, wafalme wa huko, mwaka 1901, na Bunyoro ilikuwa bado inadai kaunti zake zilizopewa Buganda na Waingereza. David Henige na wanahistoria wengine walikuja kushuku kwamba orodha ya Bunyoro ilirefushwa ili isizidiwe na ile ya jirani. Mwanafunzi anayeinakili bila kujua ugomvi huo hukabidhiwa hoja ya upande mmoja, akaondoka akidhani amepata tarehe.

Kwa msomaji wa pwani, toleo la kuombwa ni la 1947. Humo Sir John Gray, Jaji Mkuu wa Zanzibar wakati huo, aliyewahi kufanya kazi Uganda, ameandika juu ya Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyefika kutoka pwani kwa Kabaka Suna wa Buganda mwaka 1844. Gray aliipata habari hiyo katika shajara ya Emin Pasha, Mjerumani aliyekutana na Ahmed zaidi ya miaka 30 baada ya safari yenyewe. Kwa hiyo mzee alikumbuka, Mjerumani akaandika, jaji Mwingereza akaleta kwa Kiingereza, na sisi tunanukuu kana kwamba tulikuwa tumeketi barazani kwa Suna. Habari inaweza kuwa ya kweli kabisa. Lakini imepita mikono mitatu, na mtafiti anapaswa kuitaja yote.

Kuhusu namna ya kuitumia maktaba ya aina hii, maelezo hayahitaji kuwa marefu. Nenda na swali lenye jina la mtu, mahali au mwaka. Anayesema anataka historia ya Uganda hana rafu ya kuelekezwa. Chukua penseli. Soma tanbihi kabla ya kuisifu makala, na nakili namba ya toleo na ukurasa pale pale, kwa maana kumbukumbu ya mtafiti akiwa njiani kurudi nyumbani haiaminiki.

Jengo lenyewe la makumbusho, lililosanifiwa na Ernst May na kufunguliwa mwaka 1954, lilikaribia kuondoka. Mwaka 2011 serikali ilikuwa na mpango wa kulibomoa na kujenga mnara wa biashara wa ghorofa 60, na watetezi wa urithi wakaenda mahakamani. Jengo bado limesimama. Ghorofa 60 hazijaonekana.

Matoleo ya zamani ya jarida yamewekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Florida, kwa hiyo mtu wa Tanga au Lamu anaweza kuyasoma bila kupanda basi. Wanaoandika juu ya misafara ya pwani wayasome hayo kwanza, kabla ya kunukuu vitabu vilivyoyanukuu. Na atakayefika Kampala aulizie mapema saa za kufungua na ada ya mgeni, kisha atenge siku nzima.