Joey Dunlop: Fundi wa Ballymoney Aliyetawala Mbio za Pikipiki

Likitajwa jina la bingwa wa dunia, wengi wetu hukumbuka majumba ya fahari, wapiga picha na mavazi ya thamani. Joey Dunlop hakuwa na hayo. Bingwa huyu wa mbio za pikipiki aliishi na kufa akiwa mtu wa mji mdogo wa Ballymoney, katika Ireland ya Kaskazini. Alikuwa na baa, mke na watoto watano, na mikono yake ilikuwa na grisi siku zote.

Alizaliwa tarehe 25 Februari, 1952. Baba yake alikuwa fundi wa magari, na Joey mwenyewe akajifunza kazi ya kutengeneza mitambo ya dizeli. Mwaka 1969 aliingia katika mashindano yake ya kwanza akiwa na pikipiki ndogo aina ya Triumph. Miaka ile alilazimika kubangaiza ili apate fedha za vipuri na petroli, na labda ndiyo sababu hata alipoajiriwa na kampuni kubwa ya Honda hakupenda kumwachia mtu mwingine spana. Usiku wa kuamkia mashindano angeweza kukutwa amepiga magoti kando ya injini aliyoifungua mwenyewe.

Ili kumwelewa mtu huyu, yafaa kwanza tuyaelewe mashindano yaliyompa jina. Baina ya Ireland na Uingereza kipo kisiwa kiitwacho Isle of Man, ambako tangu mwaka 1907 hufanyika mashindano ya TT. Hayo hayafanyiki katika uwanja. Barabara za kawaida, ambazo siku nyingine hupitwa na mabasi na malori, hufungwa kwa saa chache, na waendeshaji huachiwa mmoja mmoja kushindana na saa. Mzunguko mmoja una urefu wa kilomita zipatazo 60, katikati ya vijiji, kuta za mawe, nguzo za simu na mlima wenye ukungu. Anayeteleza hana mchanga wa kumpokea; hupokewa na ukuta. Tangu mzunguko huo uanze kutumika mwaka 1911, zaidi ya watu 200 wamepoteza maisha humo.

Katika barabara hizo Dunlop alishinda mara 26, ya kwanza mwaka 1977 na ya mwisho mwaka 2000. Kuanzia mwaka 1982 hadi 1986 alikuwa bingwa wa dunia wa Formula 1 ya TT mara tano mfululizo. Mwaka 1985 mashua ya wavuvi aliyoipanda kwenda kisiwani iligonga mwamba ikazama. Wote waliokuwamo wakaokolewa, na mashindano yalipofanyika akashinda mbio tatu. Mwaka 1989 aliumia vibaya katika ajali huko Brands Hatch, Uingereza, na wako waliosema kwamba amekwisha. Hawakumjua. Juni 2000, akiwa na umri wa miaka 48, alishinda tena mbio ya Formula 1, ambayo hakuwa ameishinda tangu mwaka 1988, kisha akaongeza nyingine mbili wiki hiyohiyo. Vijana aliowashinda wengine wangeweza kuwa wanawe.

Lakini kwa maoni ya mwandishi huyu, safari zake zilizo bora hazikuwa na saa ya kupima mwendo. Majira ya baridi Dunlop alikuwa akipakia nguo na vyakula katika gari lake, akiendesha peke yake maelfu ya kilomita hadi Romania, Bosnia na Albania, kuwapelekea watoto yatima. Hakuwaita waandishi wa habari. Mwaka 1996 alipewa nishani ya Uingereza kwa ajili ya kazi hiyo.

Sasa msomaji mwenye familia atauliza: je, watoto wake mwenyewe? Swali hilo ni la haki, nami sioni jibu jepesi. Dunlop hakuwa kipofu wa hatari. Mervyn Robinson, shemeji yake aliyemwoa dada yake, alikufa mwaka 1980 katika mashindano ya North West 200, karibu na nyumbani kwao. Joey alizika, akaomboleza, akarudi barabarani. Kwa mke anayebaki akisikiliza redio, sifa za ushujaa si faraja kubwa.

Mwezi mmoja haukutimia tangu ushindi ule wa Formula 1. Jumapili ya tarehe 2 Julai, 2000, mjini Tallinn, Estonia, mvua ilikuwa ikinyesha. Dunlop alikuwa ameshashinda mbio mbili katika mashindano hayo, na alikuwa akiongoza ya tatu, ya pikipiki ndogo za cc 125. Aliteleza, akagonga miti, akafariki papo hapo.

Watu wanaokadiriwa kufikia 50,000 walihudhuria mazishi yake. Idadi hiyo ina maana ya pekee, kwani Ireland ya Kaskazini ilikuwa imetoka katika miaka 30 ya mapigano yaliyoua zaidi ya watu 3,000, Wakatoliki na Waprotestanti wakiishi kama maadui. Nyuma ya jeneza la fundi huyu walitembea pamoja.

Ukoo haukuacha. Mdogo wake, Robert, alikufa katika mazoezi ya North West 200 mwezi Mei 2008. Siku mbili baadaye Michael, mwana wa Robert, alishiriki mashindano hayohayo akashinda. William, kaka yake Michael, alikufa mwaka 2018 katika mashindano ya Skerries, Ireland. Mwaka 2024 Michael aliivunja rekodi ya baba yake mkubwa ya ushindi 26. Kule mlimani, kando ya barabara ya TT, imesimamishwa sanamu ya Joey akiwa juu ya pikipiki, na Michael huipita katika kila mzunguko.