Mashine zilivyowapiku wachimbaji wadogo wa Bitcoin

SARAFU ya kidijitali ya Bitcoin ilipoanza Januari 2009, mtu yeyote mwenye kompyuta ya nyumbani aliweza kuichimba. Kompyuta zilishindana kubahatisha namba ya kuthibitisha kundi la miamala, na kila baada ya dakika 10 hivi mshindi alipata sarafu mpya 50.

Desemba 2009 mwanzilishi wake, aliyejiita Satoshi Nakamoto, aliwasihi wenzake wasiharakishe kutumia kadi za michoro, zenye kasi zaidi, ili wageni nao wapate nafasi iliyo sawa.

Ombi hilo halikudumu. Kadi hizo zilianza kutumika mwaka 2010, na mwaka 2013 ikaingia sokoni mitambo iliyoundwa kwa kazi hiyo pekee. Kwa kuwa ugumu wa hesabu hupanda kadiri nguvu za mashine zinavyoongezeka, kompyuta ya nyumbani ikabaki kula umeme bila kuambulia kitu.

Tangu mwishoni mwa 2010, wachimbaji wadogo walianza kuunganisha nguvu na kugawana mapato kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Umoja huo uliwapa riziki, lakini ulikusanya uamuzi mikononi mwa wasimamizi wachache, jambo ambalo sarafu hiyo ilibuniwa kuliepuka.