Je, Wajua? Kizibo cha soda kina meno 21
Hesabu mwenyewe. William Painter wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya kizibo hiki mwaka 1892. Cha kwanza kilikuwa na meno 24, na ndani kipande chembamba cha gome la mti. Siku hizi kipande hicho ni cha plastiki. Mashine huyabana meno hayo yaukabe mdomo wa chupa, gesi isitoroke.

Utotoni mwangu, dukani kwa Mangi kifungulio kilifungwa kamba kwenye friji, na bado kilipotea. Kaka alitumia meno yake, mama akafoka. Mimi nilifungulia chupa nyingine. Vizibo tuliviokota kwa ajili ya drafti: vya huyu chali, vya yule kifudifudi. Kilichoingia kingi kilibebeshwa kizibo cha pili mgongoni.