Je, Wajua? Mngurumo wa Ndege Ndani ya Kompyuta Una Hesabu Yake

Je, wajua kwamba rubani mzoefu huisikiliza injini yake kabla hata hajaitazama mishale ya dashibodi? Mlio ukipanda, ukishuka au ukikosa pigo moja, sikio hupata habari papo hapo, wakati macho yangali nje yakitafuta njia ya kutua. Ndiyo sababu watengenezaji wa programu za kuiga urubani nyumbani, zile zinazoitwa simuleta, hutoa jasho jingi kwa ajili ya kitu ambacho hakionekani kwenye picha za matangazo: sauti ya injini.

Novemba 1982 kampuni ya Microsoft ilitoa Flight Simulator yake ya kwanza, kazi ya Bruce Artwick. Spika iliyokuwa ndani ya kompyuta za IBM za siku hizo iliweza kutoa mlio mmoja tu kwa wakati mmoja. Mwezi uliofuata, tarehe 9 Desemba, kampuni ya Cessna nayo ilirusha kwa mara ya kwanza ndege yake mpya, Caravan. Leo Caravan imo ndani ya Microsoft Flight Simulator iliyotoka mwaka 2020, kazi ya Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa. Msomaji aliyewahi kuruka kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, au kutoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi kwenda Maasai Mara, huenda alipanda ndege hiyo hiyo. Basi na tuitumie kuuelewa mlio huu.

Kila mlio una chanzo

Sauti ni mtetemo. Hewa ikitetemeka mara chache kwa sekunde twasikia mlio mzito, ikitetemeka mara nyingi twasikia mlio mwembamba. Sikio changa lenye afya hupokea kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Injini ya ndege hutoa mitetemo hiyo kwa mpangilio unaoweza kukokotolewa kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na ndege rahisi, Cessna 172, ambayo marubani wengi duniani hujifunzia. Injini ya matoleo yake ya sasa ina silinda 4 za mapigo manne, yaani kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko 2. Injini ikienda mizunguko 2,400 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 40 kwa sekunde, na milipuko 80. Pangaboi lake limefungwa moja kwa moja kwenye injini na lina mapanga 2, kwa hiyo nalo hukata hewa mara 80 kwa sekunde. Ekzosi na pangaboi huimba noti moja. Juu ya noti hiyo zimepandana nyingine za mitetemo 160, 240, 320 na kuendelea, kila moja na nguvu yake. Mchanganyiko huo ndio unaomwezesha mtu aliyeinamia jembe shambani kusema ni ndege ndogo inayopita, bila kuinua kichwa.

Caravan ni habari nyingine. Injini yake ni PT6 ya Pratt & Whitney Canada, ukoo wa injini uliowashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Ndani yake mna mitambo miwili inayozunguka bila kuunganishwa kwa chuma chochote. Wa kwanza ni kompresa na turbaini yake, ambayo kwa asilimia 100 huzunguka mara 37,500 kwa dakika, sawa na mara 625 kwa sekunde. Wa pili ni turbaini inayosukumwa na hewa moto peke yake, nayo huzungusha pangaboi kupitia gia. Pangaboi la mapanga 3 likienda mizunguko 1,900 kwa dakika, hewa hukatwa mara 95 kwa sekunde.

Kwa hiyo Caravan ina sauti mbili: mluzi wa kompresa na mngurumo wa pangaboi. Mmoja waweza kupanda huku mwingine umetulia. Programu inayozipandisha na kuzishusha pamoja, eti kwa kuwa zote zinatoka kwenye injini moja, imekosea, hata kama rekodi zake ni safi kiasi gani.

Kuwasha injini, hatua kwa hatua

Hakuna dakika inayoipima simuleta kama dakika ya kuwasha. Rubani wa Caravan huanza kwa kuwasha pampu ya mafuta, na mvumo mdogo husikika. Kisha huwasha stata. Viwashio huanza kupiga tik-tik-tik, na chini yake mluzi wa kompresa hupanda taratibu. Kompresa ikifika asilimia 12 ya kasi yake au zaidi, husukuma wenzo wa mafuta. Moto hushika kwa pumzi nzito, vuuu, na kipimo cha joto hupanda mbio. Pangaboi lililokuwa likijivuta sasa hushika kasi. Injini inapozimwa mapanga yake hulala sambamba na upepo, na sasa shinikizo la oili huyageuza yakaanza kuuma hewa, na ghafla mngurumo huwa mzito. Kompresa hutulia karibu na asilimia 52, rubani huzima stata, zile tik-tik hukatika, na injini hubaki kwenye sailensa, yaani mwendo wake wa kusubiri.

Mfuatano huo una faida kubwa kuliko kuburudisha. Betri ikiwa dhaifu, mluzi hupanda kwa kuchelewa na kwa uchovu. Rubani akimwaga mafuta wakati kompresa haijapata kasi, hewa ya kupooza injini haitoshi, na joto laweza kuharibu mitambo ya thamani kubwa. Anayesikia mluzi ukisuasua anajua kusitisha mapema. Mwanafunzi aliyefanya zoezi hilo mara nyingi mezani kwake, kwenye simuleta yenye sauti ya kweli, hufika uwanjani sikio lake limekwisha kufunzwa.

Namna mlio unavyonaswa

Mafundi wa sauti hufunga maikrofoni sehemu nyingi: chumba cha rubani, nyuma kwenye abiria, karibu na ekzosi, mbele na kando ya ndege. Za nje huvikwa manyoya ya kuzuia upepo. Ndege huendeshwa kwa kasi moja bila kubadilika, kisha kasi inayofuata, na ile inayofuata, halafu kwa kupanda na kushuka mfululizo.

Kazi ngumu huja baadaye. Rekodi ina mwisho, lakini safari ya ndege yaweza kuchukua saa nyingi, kwa hiyo kipande kifupi lazima kirudiwe. Sikio la binadamu ni hodari sana wa kunasa marudio. Mkwaruzo mdogo unaorudi kila baada ya sekunde 3 hugeuka kero. Mafundi huchanganya vipande vya urefu tofauti ili visikutane mahali pamoja, na huyeyusha kipande cha kasi moja ndani ya kingine.

Kuna mtego mwingine. Ukiiharakisha rekodi ili injini isikike ikienda kasi zaidi, unaharakisha kila kitu kilichomo, pamoja na mwangwi wa bomba la ekzosi na wa bodi ya ndege. Katika ndege halisi bomba halifupiki injini ikiongeza kasi, mwangwi wake hubaki palepale. Ndiyo maana injini iliyovutwa sana kwa njia hiyo husikika kama kitu cha kuchezea, na ndiyo maana rekodi za kasi nyingi zinahitajika. Simuleta ya X-Plane hutumia mtambo wa sauti uitwao FMOD tangu toleo la 11 la mwaka 2017, na Microsoft Flight Simulator ya 2020 hutumia Wwise. Mitambo hiyo huchanganya tabaka nyingi kwa wakati mmoja, kila tabaka likifuata kipimo chake: kasi ya kompresa, mzigo wa injini, mwendo wa upepo, pembe ya mapanga.

Ndani na nje ni dunia mbili

Mtu akiwa nje ya ndege inayopita, fizikia huingilia kati. Caravan yenye noti ya mitetemo 95 ikimjia kwa kilometa 280 kwa saa, sikio lake hupokea takriban 123. Ikishampita, hupokea kama 77. Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria, alilieleza jambo hili mwaka 1842, na mwaka 1845 Buys Ballot wa Uholanzi alilipima kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni. Tena sauti husafiri meta 340 hivi kwa sekunde, hivyo mngurumo wa ndege iliyo umbali wa kilometa moja hufika kama sekunde 3 baadaye. Simuleta makini huviiga vyote viwili.

Ndege ya mapangaboi mawili huongeza utamu. Dash 8-400, inayotumiwa na Air Tanzania na Jambojet, ina mapanga 6 kila upande na hupaa mapangaboi yakienda mizunguko 1,020 kwa dakika, yaani mapigo 102 kwa sekunde. Upande mmoja ukishuka hadi 1,010, huo hutoa mapigo 101. Tofauti ya pigo 1 husikika kama wimbi, wou, wou, mara moja kila sekunde.

Kwenye ndege kubwa za jeti, rubani aliye mbele husikia zaidi upepo ukikwangua kioo kuliko injini zilizo nyuma yake. Lakini wakati wa kupaa, ncha za mapanga ya feni ya injini ya CFM56-7B ya Boeing 737 hukimbia takriban meta 400 kwa sekunde, kasi kuliko sauti yenyewe. Tofauti ndogo sana kati ya mapanga yake 24 huzaa mlio wa msumeno unaosikika kwa abiria wa viti vya mbele. Simuleta inayoweka msumeno huo muda wote wa safari imepotea njia, maana ncha zikipungua kasi chini ya ile ya sauti, mlio huo hutoweka.

Kwenye vituo vya mafunzo ya mashirika ya ndege usahihi wa sauti haukuachwa kwa hisia. Sheria za mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, zinataka simuleta za daraja la juu kabisa zipimwe sauti ya chumba cha rubani, kundi moja la mitetemo baada ya jingine, na kulinganishwa na ndege halisi.

Spika ndogo na akili kubwa

Sasa ajabu ya mwisho. Spika nyingi za kompyuta za mapajani haziwezi kutoa sawasawa mtetemo wa 80 kwa sekunde, ni ndogo mno. Hata hivyo ukiiwasha Cessna 172 unausikia mngurumo wake. Ubongo hupokea mitetemo ya 160, 240 na 320, hutambua kwamba yote inatokana na 80, na hukamilisha wenyewe noti iliyokosekana. Kinachopotea ni mtikisiko kifuani na kwenye kiti, na wapenzi wengine wa simuleta huurudisha kwa kufunga kifaa cha kutetemesha chini ya kiti.

Ukitaka kuonja haya yote, huhitaji mfuko mnene. Simuleta iitwayo FlightGear hupatikana bure. Vaa hedifoni, panda angani, tulia, kisha funika vipimo vya injini kwa karatasi na ujaribu kuendesha kwa sikio. Usiongeze sauti ili ifanane na kelele ya ndege halisi: marubani wa ndege ndogo huvaa vikinga masikio kwa sababu kelele ile huharibu usikivu, na usikivu ukipotea haurudi. Sikiliza kwa kiasi, lakini sikiliza kwa makini. Sauti ya kweli ni ile inayokueleza injini inafanya nini, na hiyo ndiyo ya kuidai kwa yeyote anayekuuzia ndege ya kompyuta.