Mlipaji wa Redio na Ulimi wa Redio

Baada ya sala ya Isha, barazani mbele ya msikiti wetu, ulizuka ubishi ambao haukwisha usiku ule wala usiku wa pili yake. Mzee mmoja alisema kwamba redio ya London husema kweli, na kwamba babake ndiye aliyemzoeza kuisikiliza tangu angali mtoto. Kijana mmoja akamjibu, kwa adabu lakini kwa ukali, kwamba redio ya serikali ni ulimi wa serikali, na mwenye kutaka khabari za Gaza asizitafute London. Kisha wote wawili wakatugeukia sisi, kana kwamba mwalimu wa chuo amepewa mizani ya kupimia redio. Hatukuwa na jawabu ya papo kwa papo. Twaandika hapa yale tuliyoyasoma na kuyafikiri baadaye, kwani twadhani ubishi huu umo katika nyumba nyingi za Kiislamu, baina ya baba na mwanawe.

Kwanza yafaa tuondoe kosa moja. BBC si idara ya serikali kama ilivyo forodha. Ilianza mwaka 1922 kuwa kampuni ya watengenezaji wa vyombo vya redio, na tangu tarehe 1 Januari 1927 ikawa shirika la umma chini ya Hati ya Kifalme. Riziki yake haikuwa mshahara wa serikali. Kila mwenye chombo cha redio alitakiwa akate leseni ya shilingi 10 kwa mwaka, na sehemu ya fedha hiyo ndiyo iliyoilisha redio. Ada hiyo haikufa, ila siku hizi ni ya televisheni. Ilipofika Aprili 2025 ilikuwa pauni 174 na nusu kwa mwaka. Basi mlipaji wa utangazaji wa ndani ya Uingereza ni yule yule msikilizaji.

Sisi walimu wa chuo twaielewa tofauti hii bila ya kufundishwa. Chuo chenye watoto arubaini, kila nyumba ikaleta ada yake ndogo, mwalimu wake aweza kumrudi mtoto yeyote. Baba akikasirika na kumtoa mwanawe, chungu cha mwalimu hakitashuka jikoni. Lakini chuo chenye mfadhili mmoja ni mambo mengine. Yametupata sisi wenyewe. Tajiri mmoja alituezekea chuo kwa mabati mapya, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Mwaka ule ule mwanawe akawa nyuma ya wenziwe katika mtihani wa kuhifadhi, na baba akaja kutuuliza, kwa upole mwingi, kama hatukukosea katika hesabu. Hakututisha. Aliyatazama mabati tu. Nasi twakiri mbele ya wasomaji kwamba usiku ule tulizihesabu tena alama za mtoto yule, wala hatukuzihesabu tena za mtoto mwingine yeyote. Alama hazikuongezeka, walakini kule kuhesabu tena kwenyewe kulikuwa ni upendeleo.

Lau mambo yangekwisha hapo, tungesema kwamba ada ndogo za watu wengi ndiyo dawa, na baraza ingefungwa. Lakini tarikh ya redio hiyo haikubali jawabu nyepesi kama hiyo.

Mwezi wa Mei 1926 wafanya kazi wa Uingereza waligoma nchi nzima kwa siku tisa, wakiwaunga mkono wachimba makaa ya mawe. Magazeti mengi hayakuchapishwa, na redio ikawa ndiyo tegemeo la watu. Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Fedha, aliliongoza gazeti la serikali lililotolewa siku zile, naye akataka redio nayo itwaliwe. John Reith, mkuu wa BBC, alikataa, na Waziri Mkuu Stanley Baldwin hakuitwaa. Wasifuji wengi wa BBC huishia hapo. Lakini kisa kina nusu yake ya pili. Baldwin alipotaka kusema na taifa, alisema, tena kutoka nyumbani kwa Reith mwenyewe. Askofu Mkuu wa Canterbury alipoleta wito wa suluhu, alizuiliwa mpaka mgomo ulipokuwa ukingoni kwisha. Ramsay MacDonald, kiongozi wa chama cha Labour, aliomba naye nafasi ya kusema, akanyimwa. Na leseni ya shilingi 10 ilikuwa ikilipwa na mgomaji na asiyegoma sawasawa! Twauliza: kwa nini? Jawabu ni kwamba Hati ya Kifalme ilikuwa haijatolewa bado. Mwaka ule redio ilikuwa ikingojea serikali iamue uhai wake. Fedha ilikuwa ya watu, lakini kamba ya mfuko ilikuwa mkononi mwa serikali.

Sasa tazameni kinyume chake. Tarehe 3 Januari 1938 BBC ilianza kutangaza kwa Kiarabu, nayo ndiyo lugha yake ya kwanza ya kigeni. Waitaliani walikuwa wakiwasemesha Waarabu kwa redio ya Bari tangu 1934, na serikali ya Uingereza ikaona haifai kunyamaza. Fedha ya idhaa hii haikuwa ya leseni. Ilikuwa ruzuku ya Hazina ya serikali. Usiku wa kwanza kabisa, katika taarifa ya khabari, ikasomwa khabari ya Mwarabu wa Palestina aliyenyongwa siku ile kwa amri ya mahakama ya kijeshi ya Waingereza kwa kukutwa na silaha. Mfalme Abdulaziz bin Saud aliisikia, akahuzunika sana, na malalamiko yake yakapelekwa London na balozi wa Uingereza. Wakubwa wa Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje walikasirika: vipi redio tunayoilipa sisi itutangazie aibu yetu mbele ya wale tunaotaka watupende? Wakubwa wa BBC wakajibu kwamba kuacha khabari kwa sababu haipendezi ni kuificha kweli.

Jambo hili lilitushughulisha siku nyingi. Redio iliyolipwa na wasikilizaji ilimnyima mpinzani nafasi ya kusema, na redio iliyolipwa na serikali ikamwambia Mwarabu kwamba serikali imemnyonga nduguye. Basi mlipaji peke yake hatoshi kutuonyesha ukweli uko wapi. Yapasa kuuliza jambo la pili: anayelipa, je, aweza kuufunga mfuko siku ile ile anapochukizwa?

Mwaka 1956 ulilijibu swali hili waziwazi. Katika kisiwa cha Cyprus kilikuwapo kituo cha redio cha Kiarabu kiitwacho Sharq al-Adna. Kilikuwa na Qur'ani, nyimbo na michezo, na kikipendwa. Wasikilizaji wengi wakikidhania ni kituo cha biashara, kumbe kilikuwa chini ya mkono wa serikali ya Uingereza. Vita vya Suez vilipoanza mwisho wa Oktoba, serikali ilikitwaa kwa mara moja, ikakiita Sauti ya Uingereza, ikakitumia kuwapiga Wamisri kwa maneno huku ndege zikiwapiga kwa mabomu. Watumishi wa Kiarabu wakaacha kazi, na wasikilizaji wakakikimbia. Uaminifu uliojengwa miaka mingi ulimalizika kwa siku chache.

Siku hizo hizo, Waziri Mkuu Anthony Eden alisema na taifa tarehe 3 Novemba, na kesho yake BBC ikampa nafasi Hugh Gaitskell, kiongozi wa upinzani, ayapinge maneno yake. Idhaa za nje, ambazo zililipwa kwa ruzuku, zilieleza kwamba Waingereza wenyewe wamegawanyika juu ya vita hivyo. Wakubwa wa serikali walighadhibika. Wakatishia kuipunguza ruzuku ya idhaa za nje, na mtu wa Wizara akatiwa ndani ya jumba la watangazaji awe karibu nao. Msomaji atakumbuka mabati yetu.

Huku kwetu pwani, baba zetu walikuwa na njia yao. Sauti ya Waarabu ya Cairo ilikuwa hewani tangu 1953, na Cairo ikasema kwa Kiswahili vilevile. London ikaanza Kiswahili tarehe 27 Juni 1957. Walisikiliza hii, kisha wakasikiliza ile, na barazani wakapima lipi lililosemwa huku likaachwa kule. Hawakujua ruzuku ya nani ni kiasi gani, lakini walijua kwamba London haikusema Kiswahili kwa sadaka. Na kweli, idhaa zile zilibakia katika mfuko wa Wizara mpaka Aprili 2014, zikatiwa katika fedha ya leseni, na tangu 2016 serikali ikarejea kuchangia sehemu.

Sasa tumjie kijana wetu na Gaza yake. Mwezi wa Januari 2009, baada ya mashambulizi ya Israili, jumuiya za misaada za Uingereza ziliomba wito wao wa kuwasaidia watu wa Gaza utangazwe. BBC ilikataa, ikisema isije ikadhaniwa imeelemea upande mmoja. Vituo vingine, kama ITV na Channel 4, vilitangaza. Mzee Tony Benn, waziri wa zamani, alipoitwa na BBC kuhojiwa, akausoma wito ule mwenyewe hewani pamoja na anwani ya kupelekea fedha. BBC iliagiza filamu juu ya madaktari wa Gaza, kisha mwaka 2025 ikakataa kuionyesha, na Channel 4 ikaionyesha mwezi wa Julai.

Nasi twasema bila ya kuficha: hapo kijana ana haki. Kutopendelea ni sifa ya shahidi, na shahidi hasifiwi kwa kunyamaza. Sura ya Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha kushuhudia kwa uadilifu ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, na wazazi wetu, na jamaa zetu. Na Sura ya Baqara, aya ya 283, yamtia dhambini mwenye kuuficha ushahidi. Mwenye njaa akiomba chakula, kutangaza ombi lake si kumhukumia kesi yake. Walakini aya ya Nisaa yatukata sisi pia. Redio ngapi za Waislamu zathubutu kusoma khabari ya kumwaibisha mfadhili wake, kama ilivyosomwa khabari ya yule mnyongwa mwaka 1938? Tulipolitaja hili barazani, palikuwa kimya kidogo.

Wengine husema basi ada ifutwe. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mjane na milionea hulipa sawa. Asiyelipa hupelekwa mahakamani, na wengi wanaohukumiwa ni wanawake, kwa kuwa ndio wanaokuwapo nyumbani mkaguzi abishapo hodi. Wazee waliotimia miaka 75 walikuwa wakisamehewa wote, lakini tangu Agosti 2020 husamehewa mafakiri wao tu. Hatuoni insafu katika hayo. Lakini wakiuacha mlango huu, twauliza wataingilia upi? Matangazo ya biashara yana tajiri wake, na Hazina ina wenyewe.

Wajerumani, ambao waliona redio ikifanywa chombo cha Hitler, wamekwenda mbali zaidi katika jambo hili. Huko kila nyumba hulipa. Kiwango hupendekezwa na tume maalumu isiyo ya wanasiasa, kisha mabaraza ya majimbo yote huridhia. Mwezi wa Desemba 2020 jimbo moja, Saxony-Anhalt, lilizuia nyongeza. Watangazaji wakaenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2021 mahakama ikaamuru ada ipande kutoka yuro 17.50 mpaka 18.36 kwa mwezi, kwa sababu haifai mwanasiasa kuinyima redio fedha kinyume cha sheria. Hii yafanana na waqfu wetu: aliyekwisha kutoa hana tena ruhusa ya kuyatazama mabati.

Uingereza hakuna ukuta kama huo. Mwenyekiti wa BBC huteuliwa kwa shauri la serikali. Richard Sharp alijiuzulu Aprili 2023 baada ya kuonekana kwamba hakueleza sawasawa alivyohusika na khabari ya mkopo wa Boris Johnson, ambaye ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu alipoteuliwa. Ada nayo huamuliwa na waziri. Mwezi wa Januari 2022 iliamuliwa isimame pauni 159 kwa miaka miwili, na huku bei za vitu zikipanda. Mwezi wa Septemba BBC ikatangaza kwamba italazimika kupunguza pauni milioni 28.5 kwa mwaka katika idhaa zake za kimataifa. Tarehe 27 Januari 2023 redio ya Kiarabu ya London, ile ya mwaka 1938, ilinyamaza baada ya miaka 85. Hati ya Kifalme iliyopo yafikia mwisho wake tarehe 31 Desemba 2027.

Tuliyasoma haya barazani Ijumaa iliyofuata. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, na hiyo ya Kiarabu, ni nani hasa aliyeizima?" Kijana akasema ni serikali, kwani ndiyo iliyoibana ada. Mzee akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Waliochagua ipi izimwe ni wenyewe watangazaji." Tulipoondoka kwenda majumbani, walikuwa wangali wakibishana.