Kuvezi ya Kwanza Ni Mama Kuku

Siku ya Mungu mchana, kisha misa na bukari, kila mtu hapa Mpala ana kitu chake cha kufurahisha roho. Watoto wanasimamisha kopo tupu la tomati juu ya kisiki na kushindana kulilenga kwa manati. Vijana wanapanda na mbwa kufuata mto Lufuku, kutega kwale na kanga. Wengine wanakaa pwani na ndoana, hata kama siku sita zote kazi yao ni ileile ya samaki. Na kuna wale ambao hawaendi mbali: wanachuchumaa nyuma ya nyumba, wanainua kuku kidogo kwa mkono, wanahesabu mayai, wanacheka peke yao. Habari hii tunaiandika kwa ajili yao, maana mchezo wao ndio ulio karibu zaidi na sufuria na mfuko.

Kwa muda sasa, katika mikutano ya koperative zetu, swali moja linarudi: kwa nini tusichange pesa, tununue kuvezi? Kijana ameona ndani ya simu mashine inayoangua mayai mia moja kwa mara moja, anaileta mkutanoni, wote wanaitazama. Namwelewa kabisa. Lakini mimi agronomi wenu jibu langu ni: bado. Tuseme ni juu ya nini.

Kuvezi inafanya kazi tatu tu: inatoa joto, inashika unyevu, inageuza mayai. Joto lenyewe ni 37,5, na halina ruhusa ya kutembea-tembea. Likishuka saa chache, kifaranga anachelewa, mara nyingi anapona. Likipanda mpaka 41, anakufa ndani ya ganda, na wewe hutajua mpaka siku ya 21 ipite bure. Baridi inachelewesha, joto linaua. Sasa umeme wa Bendera unawasha taa mjini Kalemie, lakini nguzo zake hazifiki kwetu. Panele ya jua inaweza, kama una betri za kutosha kupitisha usiku 21 mfululizo, hata siku za mawingu ya masika. Taa ya petroli inaweza pia, kama kuna mtu wa kukesha nayo. Moshi wa makala ukiingia ndani ya sanduku, hayo mayai umekwisha kuyazika.

Watu wa Misri waliangua mayai maelfu kwa maelfu zamani sana bila umeme wala termometri, ndani ya vyumba vya udongo, wakichoma majani makavu na mavi ya wanyama. Joto walilipima kwa kuweka yai juu ya kope ya jicho. Inawezekana, basi. Lakini ile ilikuwa kazi ya ukoo, baba akimfundisha mtoto miaka na miaka, na mtu akilala humohumo ndani na mayai. Nani kwetu ataacha shamba la muhogo ili alale na mayai?

Mama kuku anafanya zile kazi tatu bure. Kifua chake kinapoteza manyoya ili ngozi iguse yai. Anageuza mayai mara nyingi mchana na usiku, ya katikati anayapeleka pembeni, ya pembeni anayarudisha katikati. Unyevu anaujua mwenyewe. Tatizo letu haliko kwake. Liko kwa yai kabla hajalilalia, na kwa kifaranga kisha kutoka.

Tuanze na yai. Yai lenye mbegu halilali usingizi wa kufa. Likiwa mahali pa baridi, linangoja. Likipata joto la kupita 21 hivi, mbegu inaanza kukua polepole, vibaya, bila nguvu, kisha inakufa. Angalia basi nyumba zetu hapa pwani: bati juu, jua kali, na mayai yamewekwa ndani ya kikapu kilichotundikwa chini ya hilo bati, wiki mbili, wiki tatu, mpaka kuku aanze kulala. Halafu watu wanasema kuku huyu ni mbaya, haangui. Kuku hana kosa. Mayai yalikwisha kuharibika juu ya ukuta.

Dawa yake haina bei. Chukua chungu cha udongo, kizike nusu ndani ya mchanga, mahali pa kivuli penye upepo, na mchanga huo uumwagilie maji asubuhi na jioni. Maji yakikauka yanavuta joto la chungu, sawa na mtungi wa maji ya kunywa. Mayai yawe ndani, juu ya majani makavu, ncha nyembamba ikitazama chini, kwa sababu chumba cha hewa kiko upande mpana. Usiyaoshe. Ganda lina utando unaozuia uchafu. Ukilisugua kwa maji umefungua mlango. Yai chafu sana lipeleke jikoni tu. Na usipitishe siku saba. Andika tarehe kwa makala juu ya ganda, yai la zamani lisijifiche katikati ya mapya.

Neno moja kwa wanaotaka kununua mayai mjini ili kuja kuyalaza: mayai ya kwenye trei, yale makubwa ya rangi moja, yanatoka kwa kuku wa kutaga wasiokaa na jogoo. Ni chakula kizuri, lakini hata yakilaliwa mwaka mzima hayatatoa kitu. Tafuta mayai kwa jirani mwenye jogoo mmoja kwa kuku wanane au kumi. Na yai lililopigwa mawimbi ndani ya boti kutoka Kalemie lipumzike siku moja nzima kabla ya kwenda chini ya kuku.

Sasa ujanja wenyewe, ule unaofanya mchezo huu uwe mtamu. Kuku wa kijijini anataga mayai kumi na zaidi, analala wiki tatu, kisha anazunguka na watoto wake miezi miwili au zaidi kabla ya kutaga tena. Mwaka unaisha amezaa mara tatu hivi. Lakini kuku wakikaa pamoja, mara nyingi wawili watatu wanataka kulala karibu siku moja. Wa kwanza mpe mayai ya bongo, yaani mawe laini ya pwani au mayai mabovu, ayakalie akingoja wenzake. Wakishakuwa watatu, siku moja usiku ondoa mawe na uwape wote mayai mazuri, kumi kumi au kumi na mbili kulingana na ukubwa wa kuku. Iwe usiku, maana mchana kuku anaona na kukasirika. Siku ya 21 wote wanaangua pamoja. Vifaranga wote unawapa mama wawili; usiku vilevile, unawasukuma chini ya mabawa. Yule wa tatu anarudi kwa jogoo, na siku si nyingi ataanza kutaga tena. Na hao mama wawili, watoto wakifikisha mwezi mmoja na kuwa na manyoya, unaweza kuwatenganisha nao wapumzike.

Kiota kiwe kikapu au sanduku lenye nyasi kavu, na majivu chini juu ya utitiri. Wengine wanaongeza majani makavu ya tumbaku, ni jambo zuri. Maji na mihindi viwe karibu, kwa sababu kuku anayelala anatoka mara moja kwa siku, dakika chache, na akikuta chakula mbali mayai yanapoa.

Usiku wa siku ya saba, chukua tochi ya simu. Kunja kipande cha karato kiwe bomba, weka yai mwisho wake, mulika. Ukiona kidoa chenye mishipa myekundu iliyotawanyika sawa na miguu ya buibui, kifaranga yuko. Ukiona pete ya damu peke yake, alianza akafa. Ukiona mwanga mtupu, halikuwa na mbegu. Haya mawili yaondoe. Lile tupu lichemshe na kuliponda, ni chakula cha vifaranga. Kama kwa kuku watatu umeondoa mayai mengi, kusanya yaliyobaki chini ya wawili, na wa tatu mpe mayai mapya. Watoto wangu wawili wanagombania kushika hiyo simu; sinema gani itawapa kitu sawa na moyo mdogo unaopiga ndani ya ganda?

Tufike kwenye jambo linaloumiza. Unaweza kuangua vifaranga thelathini, ukawaona wanakua, na siku moja ya kiangazi wanaanza kusinzia, mavi ya kijani, shingo inapinda, na ndani ya wiki uwanja ni kimya. Ni ugonjwa wa Newcastle, wengine wanauita kideri. Dawa ya kuutibu haiko. Antibiotiki unayouziwa sokoni haigusi ugonjwa huu, kwa sababu ni virusi. Kuna vakseni tu, kabla.

Iko vakseni inayoitwa I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na frigo, na ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wanaitumia. Inavumilia joto kuliko zile za zamani, lakini isiachwe juani wala kubebwa mfukoni. Ni tone moja ndani ya jicho, kipimo kilekile kwa kifaranga wa siku moja na kwa jogoo mzee, na inarudiwa kila miezi minne. Ugumu wake ni mmoja: kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, na kikishachanganywa kinatakiwa kumalizwa upesi. Mtu mwenye kuku kumi na mbili hawezi kukinunua peke yake bila kupoteza. Koperative inaweza. Hapo ndipo ningependa kuona ile pesa ya kuvezi inakwenda: vichupa vitatu kwa mwaka, tarehe tatu zinazojulikana, na wanachama wote wanaleta kuku wao asubuhi moja kabla hawajafunguliwa. Veterineri wa teritware aonyeshe mara ya kwanza. Kisha mama wawili watatu wenye mkono mwepesi watafanya wenyewe. Kuku aliyekwisha kuugua asipigwe vakseni, na mgeni aliyeshuka botini akae mbali na wengine wiki mbili kwanza. Kuku wengi wa msafara, hasa wa bei ndogo, wanauzwa kwa sababu mwenyewe ameona dalili.

Ukiwa na vakseni inayofuatwa kwa miaka miwili na uwanja haujafagiwa tena na ugonjwa, leta swali la kuvezi mkutanoni nami nitakaa upande wako.

Wale vijana wa Lufuku nao sikuwasahau, kwa kuwa kanga wao wanaweza kuingia katika mchezo huu. Kuwinda kuna sheria, nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na inaomba kibali. Zaidi ya hiyo, siku hizi mtu anayeonekana porini na baduki anatiliwa shaka na kila upande, hata kama anafuata ndege tu. Na ule moto unaowashwa ili kufukuza wanyama unachoma pia nyasi ambamo kanga atajenga mvua ikianza. Kanga ni ndege wa Afrika, wetu, kuku ndiye aliyekuja kutoka Asia. Inasikitisha tukimfuata mpaka amalizike wakati anaweza kukaa uani.

Anza na mayai ya mtu ambaye tayari anafuga kanga, si ya porini. Ganda lake ni gumu na lina rangi, kwa hiyo tochi iwe kali. Yanaomba siku 26 mpaka 28, na hapa watu wengi wanaanguka: wanachanganya mayai ya kanga na ya kuku siku moja. Siku ya 21 vifaranga wa kuku wanatoka, mama anaondoka nao, kanga wanabaki wakipoa wakiwa wamebakiza wiki moja. Weka ya kanga peke yake, 12 mpaka 15 chini ya kuku mkubwa, au anza nayo na uongeze ya kuku kisha siku saba.

Kuku ni mama bora kwa watoto wa kanga kuliko kanga mwenyewe, ambaye anawakokota ndani ya majani yenye umande mpaka wanakufa na baridi. Wiki mbili za kwanza wafungie na huyo mama mahali pakavu. Wape mchwa na ndagala iliyosagwa, wanaomba nguvu zaidi kuliko vifaranga wa kuku. Ndani ya sahani ya maji weka kokoto, wasizame. Kitoto cha kanga kinaweza kufa ndani ya maji ya kina cha kidole. Vakseni ile ya jicho nao wapigwe. Wakishaanza kuruka, kata manyoya marefu ya bawa moja, si mawili. Akiwa na mabawa mawili mafupi bado anajua kujisukuma. Akiwa na moja anapinda upande na kuanguka, na jioni anarudi kulala na kuku.