Jedwali la joto halisomwi kwa safu moja

Kila mwalimu wa jiografia katika shule zetu za upili analijua zoezi la jedwali la hali ya anga. Wanafunzi hupewa jina la mji, miezi kumi na miwili, wastani wa joto na kiasi cha mvua, kisha huagizwa wachore grafu na waeleze mji huo una hali ya hewa ya namna gani. Zoezi lenyewe si baya. Hata hivyo, mimi ambaye kazi yangu ni lugha hutazama zaidi maneno yaliyoandikwa juu ya safu hizo, na naona kwamba tunawafunza vijana kuzisoma tarakimu kabla hawajafunzwa kuyasoma maneno. Mfano ulio wazi wa madhara ya usomaji wa aina hiyo ni jiji la Paris, Ufaransa.

Nimeichagua Paris kwa sababu kumbukumbu zake ni za kale na zimetunzwa vyema. Katika bustani ya Montsouris, kusini mwa jiji, joto limekuwa likipimwa na kuandikwa kila siku tangu mwaka wa 1872. Vipimajoto huwekwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye mianya ya kupitisha hewa, kiasi cha mita moja na nusu kutoka ardhini. Kila siku huandikwa viwango viwili: cha juu, ambacho aghalabu hupatikana alasiri, na cha chini, ambacho hupatikana karibu na alfajiri. Wastani wa siku hutokana na viwango hivyo viwili, na wastani wa mwezi hutokana na wastani wa siku.

Vitabu vyetu husema kwamba Julai na Agosti huko ni kiangazi. Neno hili lingestahili makala yake peke yake. Kwetu sisi kiangazi ni kipindi cha jua kali na ukavu, wakati mvua imekatika na wakulima wanatazama mawinguni. Julai ya Paris haina ukavu huo. Hupata mvua nyingi kuliko Januari! Mwanafunzi anayesoma neno kiangazi akaiona nyasi ya Ukambani mwezi wa Septemba hana lawama. Lugha imempeleka huko. Kwa hiyo ni afadhali kusema majira ya joto, japo ni maneno matatu badala ya moja.

Tuje kwenye maneno mawili yanayotatanisha zaidi, yaani wastani na kawaida. Yote mawili tumeyapokea kutoka Kiarabu. La kwanza lina asili ya katikati. La pili lina asili ya msingi, au kanuni. Wataalamu wa hali ya hewa hukokotoa wastani wa miaka thelathini, kisha wanauita kawaida ya mahali hapo, na kila baada ya miaka kumi wanaukokotoa upya. Kwa kipindi cha 1981 hadi 2010, kiwango cha juu cha Julai huko Montsouris kilikuwa wastani wa nyuzijoto 25.2. Kwa kipindi cha 1991 hadi 2020 kilikuwa 25.7. Naam, kanuni imesogea nusu nyuzi, na neno limebaki lile lile. Siku ambayo babu angeiita ya ajabu, mjukuu ataambiwa imepita kawaida kidogo tu.

Isitoshe, hakuna mtu aishiye ndani ya wastani. Nyuzijoto 25.7 zimepatikana kwa kuchanganya siku za manyunyu ambazo watu huvaa sweta na siku ambazo lami hulainika. Basi baadhi ya walimu husema: tazama na safu ya rekodi, utaona joto lilifika wapi. Hapo ndipo Paris inapotufunza.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2003 joto kali liliikumba Ulaya magharibi. Katika muda wa siku ishirini za kwanza za mwezi huo, Ufaransa pekee ilipata vifo karibu 15,000 zaidi ya vile vilivyotarajiwa, wengi wao wakiwa wazee waliotimiza miaka 75 na zaidi. Paris iliumia vibaya. Familia nyingi zilikuwa likizoni, na wazee walikuwa wamebaki peke yao. Vyumba vya maiti vilijaa hata ghala lenye baridi huko Rungis, penye soko kuu la vyakula, likatumiwa kuhifadhi miili. Tarehe 3 Septemba, Rais Jacques Chirac alihudhuria mazishi ya watu 57 huko Thiais ambao hakuna jamaa aliyejitokeza kuwachukua.

Sasa fungua safu ya rekodi za kiwango cha juu. Hutaiona Agosti hiyo! Rekodi ya Paris ilikuwa nyuzijoto 40.4, iliyowekwa tarehe 28 Julai 1947, na mwaka wa 2003 hakuna hata siku moja iliyofika nyuzijoto 40 huko Montsouris. Kilichotokea ni kwamba kwa siku tisa mfululizo, kuanzia tarehe 4 hadi 12, joto la mchana lilipita nyuzijoto 35, na usiku nao haukupoa. Usiku wa kuamkia tarehe 12, kiwango cha chini kabisa kilikuwa nyuzijoto 25.5. Usiku wa joto namna hiyo haukuwa umewahi kuandikwa katika kituo hicho. Alfajiri ya siku hiyo, saa ya baridi kuliko zote, ilikuwa karibu sawa na alasiri ya kawaida ya Julai.

Moyo wa mzee unaoshindana na joto mchana kutwa huhitaji usiku upumzike. Ukinyimwa usiku mmoja huenda ukastahimili. Ukinyimwa nyusiku kadhaa huchoka. Tukumbuke pia kwamba kipimajoto kimo bustanini, ilhali watu wamo ndani ya nyumba za mawe zenye mapaa ya zinki. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba walioishi ghorofa ya mwisho, chini ya paa, walikuwa hatarini zaidi. Kiswahili kina neno zuri kwa hali ya vyumba vile: fukuto. Mtu wa Mombasa anajua tofauti kati ya jua kali na fukuto la usiku usio na upepo. Jedwali linaandika joto tu.

Mwaka wa 2019, tarehe 25 Julai, Montsouris ilipata nyuzijoto 42.6, na rekodi ya 1947 ikavunjwa kwa zaidi ya nyuzi mbili. Vifo vya ziada nchini kote katika majira hayo vilikuwa takriban 1,500. Ni vingi, na kila kimoja ni msiba. Lakini ni kama sehemu moja ya kumi ya vile vya 2003. Vipindi vya joto vya 2019 vilikuwa vifupi, jambo lililosaidia. Pia Wafaransa walikuwa wamebadilisha namna ya kusoma jedwali. Tangu mwaka wa 2004, ilani hutegemea safu mbili na siku tatu: kwa Paris, wastani wa siku tatu ukifika nyuzijoto 31 mchana na pia 21 usiku, hatari huhesabiwa kuwa imeingia. Kwa Lyon ni 34 na 20, kwa kuwa kila mji una mazoea yake. Mameya nao huweka orodha ya wazee wanaoishi peke yao ili wapigiwe simu au watembelewe.

Shule zetu kadhaa bado zina kisanduku cheupe uwanjani, na ndani yake kipimajoto cha kiwango cha chini hukaa kando ya kile cha kiwango cha juu. Ningependa kuliona swali la mtihani lenye safu zote mbili za Agosti 2003, siku baada ya siku, likimwuliza mtahiniwa ni asubuhi ya tarehe gani ambapo meya angepaswa kuwatuma watu wakabishe hodi.